Tumbo Joto: Hofu Inavyoshuka Tumboni na Kupanda Mabegani

Mjomba wangu analima mikorosho Tandahimba, mkoani Mtwara. Kila msimu, asubuhi ya siku ya mnada, chai haijachemka lakini yeye ameshakwenda chooni mara tatu. Akirudi anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto, analiminyaminya kama mtu anayechagua papai sokoni. Muhogo aliopakuliwa unapoa. "Mjomba," aliniambia mwaka mmoja, "hili tumbo linajua tarehe ya mnada kuliko katibu wa chama cha ushirika."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini kwa sentensi ile moja alikuwa amesema kile alichokitafuta miaka mingi kwenye maduka ya dawa na zahanati asikipate. Muuza dawa alimwambia ana vidonda vya tumbo. Jirani alimwambia ni ngiri. Zahanati moja walimpima, wakakosa kitu, wakamwambia, "Mzee, hayo ni mawazo tu." Makala hii ni ugomvi wangu na hilo neno "tu".

Kiswahili chenyewe hakina "tu" hiyo. Mtu anayengoja matokeo ya kidato cha nne tunasema yuko tumbo joto. Aliyepata habari mbaya nguvu zinamwishia, magoti yanalegea, mwili unamfa ganzi. Anayengoja nje ya chumba cha upasuaji roho iko juu. Lugha iliiweka hofu mwilini tangu zamani. Sisi tumeizoea kama misemo, tukasahau kwamba aliyesema "tumbo joto" kwa mara ya kwanza alikuwa anaeleza anachokisikia ndani ya tumbo lake.

Dirisha la tumbo

Mwaka 1822, kaskazini mwa Marekani, kijana mmoja aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, ila tundu lililoingia mpaka kwenye tumbo la chakula halikuziba. Daktari aliyemtibu, William Beaumont, akawa amepata dirisha. Kwa miaka kadhaa alichungulia, akatumbukiza vipande vya nyama vilivyofungwa kwa uzi, akapima vinachukua muda gani kusagika. Mwaka 1833 alichapisha aliyoyaona, na mojawapo lilikuwa hili: St. Martin akikasirika au akiogopa, ukuta wa tumbo ulibadilika sura na usagaji ukavurugika. (Mtu anayetumbukizwa nyama tumboni kwa uzi hakosi sababu za kukasirika.)

Mwishoni mwa karne hiyohiyo Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, aliwalisha paka chakula kinachoonekana kwenye eksirei, akatazama matumbo yao yakijikaza na kujiachia. Paka akishikwa na hofu au hasira, tumbo lilisimama. Akibembelezwa likaanza tena. Kwa hiyo anayekwambia uhusiano wa hofu na tumbo ni mambo ya mitandaoni ya siku hizi amechelewa kidogo.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka kwenye shina la ubongo hushuka neva ndefu iitwayo vagasi. Inapita shingoni, inagusa moyo na mapafu, inasambaa tumboni. Wengi hudhani kazi yake ni kuteremsha amri za ubongo, lakini karibu nyuzi nne katika kila tano za neva hiyo hupandisha habari, kutoka tumboni kwenda kichwani. Tumbo nalo lina mtandao wake wa fahamu, seli zaidi ya milioni 100 zilizojipanga ndani ya kuta kuanzia kwenye umio hadi njia ya haja kubwa. Mtandao huo unaweza kusukuma chakula bila kuusubiri ubongo. Zaidi ya asilimia 90 ya kemikali iitwayo serotonini hutengenezwa utumboni. Hapo utawasikia watu wakisema furaha inatengenezwa tumboni. Si kweli. Serotonini ya utumbo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake huko chini ni kusukuma chakula na kupiga kengele pakiwa na jambo.

Sasa turudi kwenye kigoda cha mjomba. Ubongo wake, kabla bei haijasomwa, umeshaamua kuna hatari. Homoni za adrenalini na kotisoli zinamwagika, moyo unaongeza mwendo, damu inaelekezwa zaidi kwenye misuli. Na iko homoni moja inayotoka kwenye ubongo wakati wa hofu ambayo hufanya mambo mawili yanayoonekana kupingana: huchelewesha tumbo la chakula kumwaga kilichomo, na huharakisha utumbo mpana. Juu foleni, chini mbio. Ndiyo maana mtu yuleyule anashindwa kumaliza kipande cha muhogo, anahisi kashiba na kichefuchefu juu, halafu anakimbilia chooni. Hajala kitu kibaya. Angeshindia maji matupu, hali ingekuwa hiyohiyo.

Hofu ya dakika tano mwili unaimudu. Mbwa akikufukuza, ukishapanda ukuta mambo yanarudi sawa. Shida ni hofu inayokaa. Wanaokumbuka msimu wa 2018, wakulima walipoikataa bei mnadani, Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kisha watu wakakaa wakingoja uhakiki na malipo huku ada za shule zikidaiwa, wanajua hofu isiyo na ukuta wa kupanda. Matumbo ya watu mwaka ule hayakuwa ya siku moja.

Panya ni wa kweli

Hapa ndipo sehemu ambayo watu wengi, na hata baadhi ya watoa huduma, huikosea. Hofu haiishii kubadilisha mwendo wa chakula. Inabadilisha pia usikivu.

Fikiria mlinzi wa ghala la korosho. Ghala likivunjwa usiku mmoja, mlinzi huyo atalala jicho moja kwa wiki nzima. Panya akipita kwenye magunia anapuliza filimbi, kijiji kizima kinaamka. Ukienda na tochi utamkuta panya, mlinzi hakudanganya. Panya huyohuyo alikuwa akipita kila siku, na hakuna aliyemsikia.

Watafiti wamelipima hilo kwa njia isiyopendeza sana: wanaingiza puto dogo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, wanalijaza hewa taratibu, na kumwomba mtu aseme inapoanza kuuma. Wengi wenye tumbo la kusokota lisiloonyesha ugonjwa kwenye vipimo husikia maumivu kwenye mjazo mdogo kuliko watu wengine. Gesi ya mbaazi ambayo wewe huisikii kabisa, yeye inamkunja. Hajidekezi. Neva zake zimeongezewa sauti, na hofu ni mmoja wa mikono inayoongeza sauti hiyo. Kukosa usingizi ni mkono mwingine: usiku mmoja mbaya unatosha kufanya maumivu ya kesho yake yawe makali zaidi.

Mwenye maumivu naye akianza kulisikiliza tumbo lake kila dakika, akajiuliza kama ni saratani, ndivyo mlinzi anavyozidi kukesha.

Bega lisiloshuka

Misuli ya watu wa huku haianzi kuuma kwa mawazo. Anayepuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, hubeba bloa mgongoni, mashine na mtetemo wake, mti kwa mti, kuanzia alfajiri. Msimu ukifika, kuokota korosho ni kuinama tangu jua linachomoza. Kiuno na mabega yana haki ya kulalamika.

Lakini bloa huwekwa chini. Bega la hofu halishuki. Watafiti wamewahi kuweka vipimo vya umeme juu ya msuli wa bega na kumpa mtu hesabu ngumu za kichwa. Mkono umetulia pajani, haujainua hata kalamu, na msuli unakaza. Ukaze kidogo tu, lakini ukae hivyo saa baada ya saa, damu inapita kwa taabu na msuli unachoka bila kazi. Jioni mtu anasema "nimechoka mwili mzima" naye alishinda ofisini, au kwenye foleni. Taya nalo hubanwa usiku, ndiyo maana kichwa kinaamka kama kimefungwa kitambaa.

Kuna kingine ambacho watu hawakitazami: pumzi. Mwenye wasiwasi hupumua haraka na kwa kifua cha juu. Misuli ya shingo, ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo, inaanza kuinua mbavu maelfu ya mara kwa siku. Anameza hewa pia, na hewa hiyo inakwenda kuwa gesi. Akipumua haraka kupita kiasi, hewa ya kaboni kwenye damu hupungua: midomo na vidole vinawaka kama vimepigwa na siafu, mikono inaweza hata kujikunja. Nimeona msichana akishikwa na hali hiyo kwenye msiba, watu wakasema amepandisha mashetani. Siingii kwenye ugomvi wa mashetani. Ninasema tu kwamba alipokaa, bibi yake akamshika mgongo na kumwambia apumue pole pole pamoja naye, vidole vilifunguka.

Na tumbo lenyewe lina misuli kwa nje. Mtu anayeogopa hulibana, mbele na chini, kama anayengoja ngumi. Kwa kubana huko mgongo unauma, na choo kwa wengine kinagoma badala ya kukimbia, kwa sababu misuli ya sakafu ya nyonga haiachii. Hapo tumbo na misuli havina tena mpaka. Madaktari wanalijua hilo kwa sura nyingine: wagonjwa wenye maumivu ya misuli ya mwili mzima yasiyo na uvimbe mara nyingi ndio haohao wenye tumbo la kusokota.

Kidonge kinachofunga duara

Hasara kubwa inaanzia dukani. Bega linauma, mtu ananunua diklofenaki. Zinauzwa kama pipi, vidonge vinne vinne kwenye kikaratasi, anameza kabla ya kula kwa sababu hana hamu ya kula. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Baada ya wiki kadhaa kiungulia kinaanza, au kidonda chenyewe. Sasa tumbo linauma kweli, mtu anaogopa zaidi, hofu inakaza bega, bega linamrudisha dukani.

Mjomba alilizunguka duara hilo misimu miwili. Akijua ana vidonda, kwa kuwa aliambiwa, alikuwa anaacha pilipili na kuendelea na vidonge.

Kuhusu vidonda, tuwe waangalifu. Mpaka miaka ya 1980 wengi waliamini vinaletwa na mawazo. Mwaka 1982 Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeishi kwenye tumbo la chakula, na Marshall, alipoona haaminiki, mwaka 1984 akamnywa mwenyewe na kuugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi hutokana na bakteria huyo au dawa hizo za maumivu. Kwa hiyo wanaosema "una vidonda kwa sababu unawaza sana" wamekosea. Ila wapo pia wengi wanaobeba jina la vidonda miaka kumi, na kipimo cha kamera kikiingizwa hakioni kidonda chochote. Tumbo lao linaungua kweli, kwa ule usikivu wa mlinzi wa ghala. Kumbuka tu kwamba kipimo cha damu cha bakteria huyo kinaweza kuendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya kutibiwa. Cha choo ndicho kinachoeleza hali ya sasa.

Mjomba alipimwa choo, bakteria akaonekana, akameza dawa siku 14. Kiungulia cha usiku, kile kilichomwamsha saa nane, kikaondoka. Tumbo la asubuhi ya mnada likabaki pale pale, pamoja na bega. Hili ndilo ninalolipenda katika kisa chake: alikuwa na ugonjwa na alikuwa na hofu, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kila aliyemhudumia alikuwa amechagua kimoja.

Kabla ya kuilaumu hofu

Sisi wa kusini ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema kila maumivu ya mwili ni mawazo. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na jina lake, ambalo leo linatamkwa kutoka India mpaka Brazili, ni la Kimakonde: kile kinachomkunja mtu. Walioupata hawakuwa na msongo wa mawazo. Walikuwa na virusi vinavyoenezwa na mbu.

Vivyo hivyo tumbo. Kichocho kipo, minyoo ipo, amiba ipo, na maji ya kwenye uwanda ule tunayajua yanavyopatikana. Mtu akiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, akitapika damu, akipungua uzito bila kujinyima, macho yakiwa ya manjano, chakula kikikwama kooni, homa ikikaa, au tumbo likibadilika tabia ghafla naye ameshavuka miaka 45, aende hospitali na asikubali kurudishwa na neno "mawazo". Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye mkono au taya ni ya kukimbizwa saa hiyohiyo. Mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea au mkojo kushindwa kuzuilika, nao vilevile.

Baada ya hayo kuangaliwa, kinachosaidia kuona mchango wa hofu ni daftari. Mjomba alitumia lilelile la kuandikia kilo. Ukurasa mmoja niliusoma: "Jumanne. Ugali wa muhogo, kisamvu. Tumbo shwari." Chini yake: "Alhamisi. Ugali wa muhogo, kisamvu. Kesho mnada. Tumbo baya, bega baya." Chakula kilekile. Kwa miaka alikuwa amekilaumu kisamvu.

Kinachopunguza sauti

Kumwambia mtu "usiwe na wasiwasi" hakujawahi kumwondolea mtu wasiwasi. Pumzi inasaidia, kwa sababu ndiyo sehemu ya mfumo huu unayoweza kuishika kwa makusudi. Mkono mmoja uwe juu ya kitovu, uvute hewa kwa hesabu ya nne mkono uinuke, uitoe kwa hesabu ya sita tumbo likiachia kabisa. Dakika tano. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakoipa vagasi nafasi ya kuushusha moyo. Usisubiri siku ya mnada kujifunza. Mtu hajifunzi kuogelea siku mtumbwi umepinduka. Kwa misuli, kaza ngumi kwa sekunde tano kisha iachie, pandisha mabega mpaka masikioni kisha yaangushe. Mwili uliosahau kulegea hukumbushwa hivyo, kwa kukazwa kwanza.

Kula kwa saa zilezile hata kama ni kidogo, maana tumbo tupu lenye chai kali na sigara linalalamika kuliko lenye kipande cha muhogo. Uraka na nipa, pombe zetu za mabibo, hulaza mtu haraka na kumwamsha saa tisa usiku akiwa na tumbo bovu zaidi. Kutembea kunasaidia tumbo na bega kwa pamoja, hata kama bega linauma kidogo. Kulilinda bila kulitumia ndiko kunakolikaza. Ukihitaji dawa ya maumivu, parasetamoli ni nyepesi zaidi kwa tumbo, ila isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima, kwa sababu ini nalo lina mpaka wake.

Hofu ikikaa wiki baada ya wiki, hospitali zina msaada. Ziko hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ukiambiwa uende kitengo cha afya ya akili usidhani umeitwa kichaa. Tiba ya mazungumzo hulisaidia tumbo la namna hii kweli. Daktari pia anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo. Ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi hiyo kazi yake ni kushusha sauti ya neva za maumivu. Haifai kununuliwa dukani kwa ushauri wa jirani.

Msimu uliopita nilikuwapo Tandahimba siku ya mnada. Mjomba alikwenda chooni mara mbili. Akakaa kwenye kigoda, mkono juu ya kitovu, macho kwenye mikorosho, nami nikajifanya simwoni. Alikula muhogo vipande viwili, kimoja akakitia mfukoni mwa shati. Bei iliposomwa alikuwa bado anatafuna.